Baba Alimfukuza Kaka kwa Sababu ya Jina

Kaka yangu Fearghal alitoka nyumbani asubuhi akiwa Mac an Ghabhann. Jioni alirudi akiwa mtu mwingine.

"Kuanzia leo naitwa Smith," alisema, hata viatu hajavua.

Sisi ni Mac an Ghabhann, yaani wana wa mhunzi kwa Kiairishi. Huyo mhunzi aliwafulia panga wafalme wa Meath enzi ambazo Mwingereza hajakanyaga huku. Baba yetu, mzee Lochlainn, alitusimulia habari zake mpaka mkate unapoa.

Sasa mwaka ule, 1465, Waingereza wakatoa sheria. Kila Mwairishi anayeishi sehemu wanazotawala achukue jina la Kiingereza: la mji, la rangi au la kazi. Ukigoma, mali yako inachukuliwa. Fearghal alikuwa na karakana ya uhunzi mjini Trim. Angefanyaje?

Baba alisimama. Kiingereza hakujua hata neno, na hakutaka kujua.

"Baba, nisikilize kwanza," kaka alisema. "Hili jina maana yake..."

"Usinibwekee lugha yao ndani kwangu. Asiye na jina langu hali chakula changu. Toka."

Nilichemka. Nilitamani kumwagia mzee mtindi wote wa mezani kichwani.

Mama akanitangulia. Aliongea taratibu, na hiyo ndiyo ilitisha.

"Mimi ni Ní Chuinn. Nilikuja hapa na jina la baba yangu, na sijalibadili mpaka leo. Na chakula chako nimekula miaka yote. Basi na mimi natoka."

Kwetu mwanamke akiolewa habadili jina. Mzee alikuwa amelisahau hilo, na kiburi kikamzuia kufuta maneno yake.

Wakaondoka wote wawili. Mimi Baba akanishika mkono mlangoni, nikabaki. Karibu mwaka mzima sikumwamkia.

Siku moja akapita mtawa kuomba maziwa. Baba akamlalamikia kuhusu mwanawe msaliti anayejiita Smith.

Mtawa alishangaa. "Smith si maana yake mhunzi, mzee? Kijana amelibeba jina lako lilelile. Amelitamka kwa Kiingereza tu."

Baba alikaa chini pale pale kwenye majani.

Kesho yake tukaenda Trim. Karakana ina watu wengine. Wakasema Fearghal amehamia Dublin na mama yake.

Tukafika Dublin, tukamuuliza mlinzi wa lango, aliyejua lugha yetu kidogo. Tukamwambia tunamtafuta Fearghal Smith, fundi chuma.

Alicheka mpaka akaegemea mkuki.

"Mzee, tangu sheria itoke, mafundi chuma kibao humu wanaitwa Smith. Na Fearghal simjui. Siku hizi wote wanajiita John."

Hatujawapata mpaka leo.

Baba nimemsamehe nusu. Walioleta ile sheria, hata robo sijawasamehe.

Na wewe mwenye hasira za karibu, mtu akikwambia nisikilize, mwache amalize. Kaka yangu alikuwa amebakiza neno moja tu.