Nani Humsalimia?

Kila asubuhi, akikaribia kona ya Naivasha Road ambapo akina mama huuza uji, Wanjira huvua kadi ya kazi shingoni, akaitia mkobani na kuufunga. Huivaa tena akishaketi ofisini. Muuza uji alimtania siku moja kwamba anaionea haya kazi ya serikali.

"Nikiivaa hapa," Wanjira alimjibu, "barabara nzima huanza kuchechemea."

Watu walicheka, maana wengi wao walikuwa wamechechemea. Wanjira ndiye afisa wa ustawi wa jamii pale Riruta, na ruzuku ya watu wenye ulemavu mkubwa haitoki bila sahihi yake. Mzee aliyebeba gunia la makaa akiiona kadi hulitua gunia na kushika kiuno. Kwa hiyo hupita kama mama yeyote anayekwenda sokoni, mrefu, sweta la kijani, akinunua mahamri mawili kwa Nadira na kumsalimia kila mtu kwa jina lake.

Nadira aliwafungia mahamri wateja wake kila siku mbele ya ploti yenye chumba alichopanga, na hakuzungumza zaidi ya salamu. Alikuja Nairobi kutoka Mombasa na mume aliyefundisha madrasa mjini. Mume akafa, yeye akabaki na binti yao, Abeer, mwenye umri wa miaka ishirini na miwili. Abeer hawezi kutembea wala kujilisha, na maneno yake ni machache mno. Siku moja watoto wa ploti walimwiga anavyotikisa kichwa. Tangu siku hiyo Nadira aliweka pazia zito mlangoni na hakumtoa nje tena. Ila kila mchana ilimbidi kupeleka sambusa kwenye maduka ya mjini, na kila mchana alimfungia mwanawe kwa kufuli. Ruzuku ile angeitumia kumlipa mtu wa kukaa na Abeer. Hakuwa na haja nyingine nayo. Alikuwa akimwota huyo mtu wa kukaa naye kama wengine wanavyoota nyumba.

Daktari alikuwa amempima Abeer, mzee wa mtaa akaliandikisha jina lake. Lililobaki lilikuwa baraza, ambapo majina husomwa mbele ya wakazi.

Na baraza la Wanjira lilikuwa na desturi yake. Wanjira alizaliwa Riruta, wakati ploti za kupangisha zilikuwa bado mashamba ya mahindi, lakini ujana wake aliumalizia katikati ya jiji, katika ofisi iliyojaa mafaili hadi dirishani. Huko alijifunza kwamba marehemu ndio wenye karatasi safi zaidi. Walio hai huleta cheti kilicholowa na picha isiyofanana nao. Marehemu hakosi kitu, maana anayemjazia ana nafasi na ana sababu.

Alipohamishiwa nyumbani aliyakuta mabaraza yakiendeshwa kwa swali moja: "Nani anapinga?" Hakuna aliyepinga kamwe. Nani asimame mbele ya watu ampinge mwenye ploti anamopanga chumba, au mwenyekiti wa kwaya? Wapangaji walitazama viatu vyao, jina likapita. Wanjira akaligeuza swali. Akawa anauliza, "Nani humsalimia?" Jina lililokosa mtu wa kulisimamia halikupita, na aliyelipendekeza hakuruhusiwa kulisimamia, wala mtu wa nyumba moja na mwenye jina. Wale waliokuwa wakinyamaza kwa kuogopa waliendelea kunyamaza vilevile, ila sasa kimya chao kiliwafaa wengine.

Baraza la mwaka huu lilifanyika kwenye uwanja wa chifu, jua kali, viti vya plastiki. Nadira alikaa nyuma, leso imemkaza kichwa. Nafasi zilizobaki zilikuwa chache, na jina lililotangulia la Abeer lilikuwa la Mwaura, binamu yake Kihara. Kihara ndiye mwenye ploti anayoishi Nadira, na ni mzee wa kanisa; sauti yake huingia mahali kabla yake. Alikuwa amemleta Mwaura kwenye kiti cha magurudumu, blanketi mapajani, kofia imeshushwa hadi nyusi.

"Kiharusi, madam," Kihara alisema. "Miguu imekwisha. Hata neno moja hatoi. Anakaa kwangu, chumba cha nyuma."

"Pole sana," Wanjira akasema. "Nani humsalimia?"

Kimya. Kihara aligeuka akawatazama wapangaji wake safu kwa safu. Mwishowe Waweru, mlinzi wa ploti, akainuka kama mtu anayesukumwa.

"Mimi, madam. Mimi humsalimia kila asubuhi."

"Asante, Waweru. Unamwambiaje?"

"Namwambia, 'Mwaura, umeamkaje?'"

"Naye?"

"Ananiambia, 'Niko poa.'"

Uwanja ukalipuka. Mama mmoja akapiga kelele, "Haleluya, ameponywa!" Mwingine akadakia, "Mwambie Waweru aniombee na mimi, hii goti yangu imenimaliza!" Na katikati ya vicheko kikasikika kingine kizito, kikitoka chini ya kofia. Mwaura alikuwa akicheka hadi blanketi likaanguka.

"Si nilikwambia, Kihara?" akasema, akijifuta machozi. "Nilikwambia hii kitu itatuaibisha. Na nimeacha ng'ombe kwa jirani." Akasimama, akalikunja blanketi vizuri, akaliweka kitini na kuondoka kwa miguu yake.

Wanjira hakucheka. Alipiga mstari juu ya jina, akamwambia Kihara atapata barua ya kumwita ofisini. "Na hicho kiti cha magurudumu," aliongeza, "kirudishe ulikokiazima. Kuna mtu ameshindwa kutoka kitandani leo kwa sababu yako."

Kihara alikuwa amegeuka rangi ya udongo. "Sawa," akasema. "Na huyo anayefuata? Huyo msichana wa huyu mama wa pwani? Yuko kwa ploti yangu na mimi mwenyewe sijawahi kumwona. Uliza, madam! Uliza vile umeuliza yangu!"

"Nitauliza vilevile," Wanjira alijibu, na akasoma. "Abeer. Nani humsalimia?"

 Nadira alikijua kimya kile. Muda mfupi uliopita alikuwa amekifurahia. Sasa aliwatazama watu wakigeuza shingo, wakiulizana kwa macho, wala hakuweza kuwalaumu. Wangemsalimiaje mtu ambaye yeye mwenyewe hakuwahi kuwaonyesha? Pazia lilikuwa lake, na kufuli pia. Alitaka kupaza sauti kwamba yupo, nimempikia uji leo, nimemsuka nywele leo. Alifungua kinywa, na Wanjira akamtazama na kutikisa kichwa polepole. Mama haruhusiwi. Akafunga kinywa, akaing'ata ncha ya leso.

"Nani humsalimia Abeer?" Wanjira aliuliza tena. Kalamu ilikuwa imekwisha gusa karatasi.

"Ngoja kwanza, madam." Aliyesimama alikuwa Kitavi, fundi viatu wa chumba kinachopakana na cha Nadira, bado na aproni yake. "Mimi sijamwona."

"Si mnasikia?" Kihara akasema.

"Wewe ngoja, mzee, kodi nimelipa. Sijamwona, lakini namsalimia. Mchana nikigonga soli, kuna mtu upande ule wa ukuta anagonga pia. Nilidhani ni mtoto. Nikienda haraka, naye haraka. Nikinyamaza, ananiita, tuk-tuk, kama mtu anauliza nimeenda wapi. Na nikijigonga kidole," aliinua kidole gumba kilichofungwa kitambaa, "anacheka. Sana. Hiyo kicheko ningeijua hata nikiwa mbali kule Kitisuru."

Watu walicheka, lakini kwa upole. Nadira alikuwa ameinamisha uso mikononi. Mchana ndio saa anazokuwa mjini. Miaka yote hiyo alidhani mwanawe hukaa peke yake.

"Twende," Wanjira akasema, na akaivua kadi yake shingoni.

Walikwenda watatu, na wazee wawili wa mtaa nyuma yao. Kitavi aliingia chumbani kwake. Nadira akafungua kufuli, akalivuta pazia pembeni. Abeer alikuwa amelala ubavu kwenye godoro karibu na ukuta, kijiko cha mbao mkononi. Wanjira aliketi sakafuni. Nyundo ikagonga upande wa pili. Uso wote wa Abeer ukafunguka, mkono ukajikunja, ukajikunjua, kijiko kikajibu. Nyundo ikaongeza kasi, kijiko nacho. Kisha Kitavi akapiga ukelele wa uongo wa maumivu, na Abeer akacheka kwa mwili mzima, akimtazama mgeni wake kana kwamba anamwambia, umemsikia huyo?

"Umeamkaje, Abeer?" Wanjira alisema, na akagonga sakafu kwa vidole. Kijiko kikamjibu na yeye.

Alitia sahihi palepale, karatasi ikiwa juu ya goti. Mzee mmoja alijifanya anatafuta kitu mfukoni, akatoka nje.

Nadira alimsindikiza hadi langoni. Alikuwa na swali moja, na lilimchoma kiasi kwamba aliliuliza bila salamu wala utangulizi.

"Bi Wanjira, na kama jirani yangu asingesimama?"

"Ningelikata jina la mwanao, Mama Abeer," Wanjira alisema. "Halafu ningekuwa nakuja kumsalimia kila wiki, na baraza lijalo ningempa mtu mwingine kazi ya kusoma majina, nisimame mimi."