Kazi ya Kukaa

Mdogo wangu wa kiume anapiga piano katika miji ambayo majina yake siwezi kuyatamka, na watu hununua tiketi kwenda kumsikiliza. Wivu ninao, lakini ni wa koti tu. Akipanda jukwaani huvaa koti jeusi lenye mikia miwili kama mbayuwayu, na mimi, fundi cherehani wa Ipuli, Tabora mjini, sijawahi kuruhusiwa hata kulipiga pasi.

Alianzia kwenye kinanda cha kanisani, kile cha kukanyaga ili kipate pumzi. Miguu yake haikufika vizuri, kwa hiyo alipiga nusu amekaa, nusu amesimama. Kwaya ilimaliza wimbo, yeye akaendelea. Mchungaji alikohoa mara tatu, na mwisho akahubiri hivyo hivyo, kinanda kikimsindikiza.

Baba yetu ni mfuga nyuki wa kijijini Ipole, na hakuna mtu anayemwona akihangaika asimpe pole na kazi. Ukitoka shambani, pole na kazi. Mimi nikiinua kichwa kwenye cherehani, pole na kazi. Hata mbuzi wa jirani aliyeshinda akivuta kamba aliwahi kuipata. Lakini mdogo wangu alikuwa akifanya mazoezi toka asubuhi mpaka alasiri, akirudi nyumbani shingo imekaza, baba anamwuliza, "Umeshapumzika?"

Siku moja baba akamfafanulia. "Dada yako naye anakanyaga, lakini nguo inatoka. Wewe unakanyaga, kinatoka nini?"

Mdogo wangu akarudi kwenye kinanda chake. Akapata ufadhili, akapanda treni hadi Dar, kisha ndege. Akashinda shindano moja, likafuata jingine, akaanza kualikwa kupiga na okestra za watu. Kila akipiga simu alinimwagia habari zote, na mwishoni sauti inashuka: "Baba anasemaje?" Nami nilimdanganya kwamba anamsifu kwa wageni. Baba hakuwa anasema kitu. Nilipombana alinijibu kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikamwambia huyu hajaonja hata kijiko cha sifa, hilo tembo atalitia maji lini? Akaaga, akaenda kukagua mizinga yake.

Mwaka juzi mdogo wangu akaja kupiga Tabora, Jumapili mchana, kwenye ukumbi wa misheni wenye piano ya zamani. Fundi wa kuilinganisha sauti alitoka Dar, akakaa nayo siku tatu. Baba alipita kuchungulia, akamkuta amelala chini ya piano na bisibisi, akampa pole na kazi.

"Mpaka fundi, dada!" mdogo wangu aliniambia aliposikia. "Mimi nitakufa sijaipata." Akacheka. Lakini nilimbeba mgongoni mimi, najua anavyocheka akiumia.

Kazi niliyopewa ilikuwa kuwafunda ndugu zetu waliokuja na basi kutoka Ipole. Kwetu mtu akipiga vizuri hashangiliwi kesho. Vigelegele vinapigwa papo hapo, mtu anainuka anakwenda kumtunza. Mdogo wangu akasema muziki wake una vituo, na kwenye kituo watu hunyamaza. Basi nikawapanga, wao na ukumbi mzima, kama mnyapara: "Hakuna makofi, hakuna vigelegele, hakuna kuinuka, mpaka mnione mimi nimepiga makofi." Shangazi alikuja na kitenge cha kumvisha. Nilimnyang'anya, nikakikalia.

Akapiga. Muziki wenyewe siwezi kuueleza. Ninachojua ni kwamba alipofika kituo cha pili nilikuwa nimeshalisahau lile koti. Nilikuwa natazama mgongo. Ulikuwa unainama na kuinuka, kola imelowa, na ulikuwa mgongo wa baba kabisa anapopandisha mzinga mtini kwa kamba. Nikaona miaka yote ile ya mazoezi, na sisi nyumbani tukimwuliza kama amepumzika. Niliona aibu, nikalia.

Alipomaliza akasimama, akainama kwa heshima. Kimya. Ukumbi mzima mikono mapajani, wananitazama mimi, na mimi nimefunika uso kwa kitenge cha shangazi, nimesahau kabisa kwamba makofi yao ninayo mimi. Akainama tena. Kimya kile kile. Nilipofunua uso nikamwona midomo imemkauka, jasho linadondoka kidevuni, na hajui amekosea wapi.

Baba akainuka bila ruhusa yangu. Akaenda mpaka jukwaani na katambuga zake za matairi, watu wote wakimfuata kwa macho. Akamtazama mwanawe usoni, akaitazama mikono yake, akaichukua yote miwili. Na kwa kuwa ukumbi ulikuwa kimya kwa uzembe wangu, hata waliokaa mlangoni walisikia.

"Pole na kazi, mwanangu."

Kwetu jibu lake hata mtoto analijua: nimeshapoa. Mdogo wangu alifungua kinywa mara mbili, jibu halikutoka. Mabega yakaanza kumcheza, mbele ya watu wote wale, na koti lake la mikia. Nikapiga makofi upesi, kwa nguvu zangu zote, ili wasimsikie akilia.