Msimu Uliokataa Kuisha

Leo asubuhi redio imesema wakubwa wa mpira wanakaa kikao waone kama ligi irefushwe. Nilikuwa napepeta mtama. Nikaweka ungo chini, nikaenda nikaizima. Mume wangu Paskali akaniuliza, "Mbona umezima, Mama Rebeka?" Nikamjibu kwamba betri zimechoka. Uongo mtupu. Betri ni mpya. Aliyechoka ni mimi.

Jina langu Dorika, wa hapa hapa Issuna, na mpira wenyewe siujui sana. Najua goli, najua penalti, basi. Lakini hiyo habari ya kurefusha ligi naijua kuliko hao wenye kikao chao, maana ilihamia nyumbani kwangu ikala chakula changu. Kwa hiyo nitawaeleza ya Paskali. Mkitaka kucheka, chekeni, mimi nimeshazoea.

Paskali alikuwa mtu wa reli. Alifanya kazi Manyoni, kwenye genge la kutengeneza njia ya treni, na huko ndiko alikojifunzia mpira. Kila Jumamosi genge lilicheza na wapagazi wa stesheni. Alikuwa beki. Si beki wa mbwembwe, ni beki wa kusimama mahali pake na kukataa kupitwa. Halafu yakaja haya mambo ya mageuzi, kila mahali watu wanapunguzwa kazini, na Paskali akapunguzwa. Aliitwa asubuhi, akaambiwa asije kesho. Genge lilikuwa katikati ya kubadilisha mataruma, yale magogo ya kulalia reli, hata kipande chao hawakukimaliza. Akarudi Issuna na godoro, baiskeli, na viatu vya mpira amevining'iniza shingoni.

Nikasema moyoni, haya, sasa na mimi nimepata mume wa kukaa naye. Kumbe!

Siku zile kila mtu alikuwa anafungua biashara. Soda zilijaa, mitumba ikajaa, na Melkizedeki, tajiri mmoja wa Singida mjini mwenye mashine ya kukamua alizeti na ghala la bia, akaanzisha ligi. Ligi ya kulipwa, alisema, kama ya Ulaya. Mchezaji anapata posho kila mechi, na watazamaji wananunua bia, yake. Kulikuwa na timu ya Issuna, ya Ihanja, ya Itigi, ya Manyoni na nyingine za mjini. Ilianza baada ya mavuno na kuisha kabla watu hawajaingia mashambani. Kwa hilo sikuwa na ugomvi. Kiangazi mwanaume wa huku ana kazi gani? Anakarabati tembe, anakwenda kilabuni. Bora akimbie.

Wakamfanya kepteni. Mimi ndiye niliyemshonea kile kitambaa cha mkononi, kwa kipande cha kanga yangu nyekundu. Watu wakawa wanamwita Kepteni hata sokoni, hata kanisani, na nilikuwa naona mgongo wake unavyonyooka akiitwa. Tangu reli imwache hakuna aliyekuwa amemwita kwa cheo chochote. Nalisema hili msije mkadhani namchukia. Simchukii. Ananichosha tu.

Sasa ule mwaka wa Elinino, mvua zikiwa bado kabisa, Melkizedeki akaitisha kikao katika darasa la shule ya msingi. Makepteni wote walikuja. Sisi akina mama tuliitwa kuchemsha chai, na jiko lilikuwa chini ya dirisha, kwa hiyo hakuna neno lililotupita.

Melkizedeki akasema ligi ni fupi mno. Watu wakianza kunogewa, imekwisha. Alitaka timu zizunguke mara mbili, hadi Krismasi.

Mwalimu Filipo, ambaye ndiye alikuwa refa, akasimama. "Tajiri, kwa heshima zote, Novemba ni mvua. Hawa wachezaji wote ni wakulima. Mimi mwenyewe nina kishamba changu."

"Mvua gani, Mwalimu?" Melkizedeki akacheka. "Mwaka jana mvua ilinyesha lini?"

Mwaka uliotangulia mvua ilikuja baada ya mwaka mpya, ikanyunyiza, ikaondoka. Mwaka wa nyuma yake vivyo hivyo. Tulikuwa tumekula mahindi ya msaada, na mbegu tulizokuwa nazo zilikuwa za mwisho.

Hapo ndipo wanaume wetu walipokosea, na kosa lile mtu wa Rungwe au wa Bukoba, kwenye mvua za kila mwaka, asingelifanya. Ukame ulikuwa umewadanganya mara nyingi mpaka wakaufanya kuwa ndiyo kalenda. Kepteni wa Itigi akasema ligi ndefu inaipa timu dhaifu nafasi ya kuinuka. Ni kweli, sibishi. Wa Ihanja akasema vijana wake wanataka posho. Nayo ni kweli. Kisha wote wakamgeukia Paskali, kwa kuwa ndiye mkubwa wao na ndiye anayesikilizwa. Akageuza uso, macho yetu yakakutana pale dirishani. Akaangalia chini.

"Irefushwe," akasema.

Chai ile niliimimina bila sukari, na wakainywa.

Nyumbani sikungoja hata avue shati. "Baba Rebeka, na zamu ya plau?"

Zamu yenyewe ni hivi. Nyumba kadhaa tunashirikiana: ng'ombe ni wa jirani yetu Mazengo, plau tulilinunua pamoja. Mvua ya kwanza ikishalowesha ardhi, plau linaingia kwa mwenye zamu, halafu kwa jirani, halafu kwa anayefuata. Sheria ni moja. Likifika shambani kwako lazima mwanaume wa nyumba awepo kulishika. Asipokuwepo linapita, na wewe unarudi mkiani. Sisi wanawake tunaswaga ng'ombe, tunafukia mbegu, tunapika, lakini plau ni la mwanaume. Nani kapanga? Wanaume. Na mwaka ule, wa kwanza kwenye zamu tulikuwa sisi. Mtama wa kwanza kuingia ardhini ndio unaowahi kushiba, hilo hata mtoto wa huku analijua.

"Mvua ikija nitakuwa nimemaliza," akasema.

"Mshika mbili moja humponyoka, mwanaume wewe."

"Sikiliza, mke wangu. Filimbi ya mwisho ya msimu huu ikilia, naacha mpira. Nakuapia. Hata goti lenyewe limekataa. Nitashika plau mpaka unichoke."

Nikamwamini. Nilitaka kumwamini, kwa sababu nilikuwa nimelima peke yangu kwa jembe la mkono miaka yote aliyokuwa reli, na mgongo wangu ulikuwa umeshasema yake. Dalili ya mvua ni mawingu, na siku hiyo mbingu ilikuwa nyeupe pe.

Novemba, Jumamosi, Issuna ilicheza na Ihanja katika uwanja wa shule. Mchana ule ule mvua ikaanguka. Jamani, ile haikuwa mvua ya kunyunyiza! Ilipiga hadi maji yakasimama uani, kuku wakapanda juu ya kinu. Udongo wetu ni wa kichanga, hausubiri kesho. Ilipopungua kidogo nikasikia kengele za ng'ombe, na Mazengo huyo, ameshawafunga, amebeba plau begani kwa furaha.

"Shemeji, Mungu ametukumbuka! Kepteni yuko wapi?"

Nikamwomba anisubiri. Nikajifunga kanga kiunoni, nikakimbia.

Nilipofika uwanjani nilikuta kitu ambacho sijawahi kukiona. Golikipa wa Ihanja alikuwa amevua glovu, anaangalia mbinguni. Akatoka golini taratibu, akachukua baiskeli yake, akaondoka. Mwenzake akamfuata. Kisha mabeki. Wala hawakugombana, wala hawakumuaga mtu. Kisha na wetu wakaanza, mmoja mmoja, wanatembea kwanza, halafu wanakimbia, na jezi zao, kila mtu kwao. Watazamaji walikuwa wameshaondoka zamani. Mwalimu Filipo akabaki katikati na filimbi mdomoni, akageuka kulia, akageuka kushoto. Shamba lake liko kule bondeni. Akaitia filimbi mfukoni bila kuipuliza, akaondoka naye.

Aliyebaki ni Paskali. Amesimama mahali pake pa beki, maji yanamchuruzika, kitambaa chekundu mkononi. Na Melkizedeki ndani ya pikapu yake, anapiga honi.

"Kepteni! Usitoke! Ukitoka na wewe, timu imekimbia! Baki hapo hapo, mtapewa ushindi!"

Nikaingia uwanjani, matope hadi kwenye vifundo. "Baba Rebeka, ng'ombe wamefika. Wako kwetu. Mazengo anakusubiri."

"Nakuja."

"Twende sasa."

"Filimbi, mke wangu. Filimbi haijalia."

"Filimbi ipulizwe na nani? Refa yuko shambani kwake! Unamlinda nani hapa, mwendawazimu wewe? Yuko wapi wa kukupita?"

Alikuwa anatetemeka kwa baridi. Nilimvuta mkono, akawa kama nguzo. Nilimtukana, Mungu anisamehe, nilimtukana na mama yake. Mwisho nikamwacha, nikarudi.

Mazengo hakuniangalia usoni. "Shemeji, sheria ni sheria. Nikikaa hapa, wa pili atalalamika." Nikamwambia mimi mwenyewe nitashika. Akatikisa kichwa kwa huzuni, na huzuni yake haikunisaidia kitu. Akawaswaga ng'ombe, kengele zikaenda kwa jirani. Mimi na binti yangu Rebeka tukachukua majembe ya mkono, tukalima hadi mikono ikakataa kufunguka. Tulilima kipembe kimoja tu cha shamba.

Jua linazama ndipo alipokuja. Melkizedeki alikuwa amechoka kupiga honi, akawasha gari akaenda zake mjini.

"Filimbi imelia?" nikamuuliza.

"Haijalia."

Nikakaa chini nikalia. Nililia kwa hasira, kwa njaa iliyokuwa inakuja, kwa mgongo wangu. Akakaa karibu yangu na nguo zake zile zile mbichi. Baadaye akasema, "Dorika, reli waliniondoa katikati ya kazi. Taruma moja lilikuwa limelala pembeni, bado hatujalitia. Nikasema, safari hii sitaondoka mpaka niambiwe kwamba imekwisha."

Nikampa maji ya moto.

Mvua ile haikukatika tena. Barabara zikakatika badala yake, reli ikakatika, na mechi iliyovunjika haikurudiwa. Melkizedeki akahamia kwenye biashara ya mabasi, mpira akausahau kabisa. Ligi ile iliyorefushwa haikuwahi kumalizika. Hakuna aliyepewa ushindi. Zamu yetu ilipotuzungukia tena kule mkiani, maji yalikuwa yamesimama shambani, na mtama tulioutia ukaota wa njano. Kaka yangu anayerina asali kule Rungwa alituletea debe tukauza, tukala. Sikuwahi kufurahi kuona asali nikiwa na aibu namna ile.

Mnadhani aliacha mpira? Thubutu! Kiangazi kilichofuata kila jioni nilimwona anafunga kile kitambaa, anakwenda uwanjani akichechemea. Goti lilikuwa limevimba kama kichwa cha mtoto. Nikimsema, anasema, "Niliapa filimbi ya mwisho. Haijalia." Hakuwa ananitania. Laiti angekuwa ananitania. Wachezaji wenzake walikuwa hawaji tena, na yeye anakwenda tu, anapiga mpira kwenye ukuta wa darasa, unarudi, anaupiga.

Novemba ikafika, mawingu yakajikusanya, mvua ikanyesha ya kutosha. Safari hii tulikuwa wa tatu kwenye zamu. Mazengo akatuma salamu kwamba jioni hiyo plau litaingia kwetu. Paskali hakuwepo nyumbani, na sikuuliza yuko wapi.

Sikwenda uwanjani moja kwa moja. Nilipita kwanza kwa Mwalimu Filipo. "Mwalimu, naomba uniazime filimbi yako."

Akacheka. Kisha akaniangalia vizuri, akaacha kucheka, akaingia ndani akaileta.

Paskali alikuwa ananipa mgongo, anapiga mpira wake ukutani. Nikaenda hadi katikati, pale wanapoanzia, nikapuliza. Mara ya kwanza ilitoka upepo tu. Nikapuliza tena kwa nguvu zangu zote, mara tatu, ile ya mwisho ndefu mpaka pumzi ikaniishia.

Mpira ulirudi kutoka ukutani, ukampita miguuni. Hakuuzuia. Akageuka, akaniangalia, na mimi nikaogopa kwamba amekasirika. Akafungua kitambaa cha mkononi, akaja akichechemea, akanipa.

"Imekwisha?" akauliza.

"Imekwisha, Baba Rebeka."

Akashika bega langu, akalia kama mtoto. "Nilikuwa nimechoka," akasema. "Siku nyingi nilikuwa nimechoka. Hakuna aliyeniambia nipumzike."

Tukaondoka pamoja, polepole, kwa ajili ya goti. Kengele za ng'ombe zilikuwa zimeshafika shambani kwetu.