Refa Aliyempigia Bintiye Filimbi

Kule ugenini jina lake halisi hakuna aliyelijua. Watoto wa mtaa walimwita Refa, wazazi wao wakafuata, na mwenye duka la pembeni, ambaye mpira hata haupendi, akamwita hivyo hivyo. Mwishowe hata mkewe alizoea. Akiona wingu limetanda na nguo ziko kwenye kamba, alipaza sauti kutoka jikoni, "Refa, mvua hiyo!"

Alipofika huko alikuwa mume wa muuguzi, basi. Mkewe ndiye aliyepata kazi, mkataba wa miaka kadhaa katika chumba cha upasuaji cha hospitali kubwa, na familia nzima ikafunga mizigo kumfuata. Kwao yeye alikuwa mwalimu wa michezo, na Jumamosi akichezesha mechi za ligi ya wilaya. Ugenini vyeti vyake havikumfaa kitu. Akabaki na nyumba: vyumba viwili ghorofa ya tatu, na jiko ambalo watu wawili hawakupishana mpaka mmoja abane tumbo. Akabaki pia na mabinti wawili. Kifungua mimba alikuwa msichana mrefu wa maneno machache, na kitinda mimba mdomo wake haukujua likizo.

Refa aliishika nyumba kama mtu aliyezaliwa nayo. Alijifunza kupika kwa kufuata zamu za mkewe, na mkewe alipolala mchana baada ya kukesha kazini, yeye na watoto walizungumza kwa ishara, milango wakiifunga polepole kama wezi. Kaka yake alipompigia simu kutoka nyumbani, hakukosa la kusema.

"Kwa hiyo, mdogo wangu, siku hizi umeolewa?"

"Nimeolewa, kaka, tena ndoa nzuri. Mke wangu hanipigi."

Wakacheka wote. Ila simu ilipokatika, Refa alichukua sufuria iliyokwisha kung'aa akaanza kuisugua upya. Mkewe alimwona, akaja akashika kitambaa na kuanza kukausha vyombo vilivyokuwa vimekauka tayari.

Nyuma ya maghorofa kulikuwa na uwanja wa nyasi chakavu. Kifungua mimba alijiunga na timu ya wasichana pale, akapangwa beki. Jumamosi moja mwamuzi hakutokea. Wazazi wa timu mbili wakaanza kubishana nani achezeshe, kila upande ukiogopa kupunjwa, na watoto wamesimama wanatetemeka kwa baridi. Refa aliingiza mkono mfuko wa koti. Filimbi ilikuwamo, maana hakuwahi kuitoa tangu kwao. Akaingia uwanjani akapuliza. Lugha ya wenyeji alikuwa bado anaikwaruza, lakini mkono ukielekeza kona ni kona, na ukielekeza katikati ni bao. Mechi ikaisha bila ugomvi. Kuanzia siku hiyo akapata jina na akapata kazi ya kila Jumamosi, ingawa haikuwa na mshahara. Alirudi nyumbani na magoti yenye matope, akapika huku anapiga mluzi.

Mwisho wa msimu timu ya binti yake ikaingia fainali. Kocha wa timu pinzani, mwoka mikate wa mtaa wa juu, alimfuata kwa adabu.

"Refa, mwanao anacheza. Itakuwaje?"

"Nikiwa uwanjani sina mtoto," alijibu, na alilipenda jibu lake mwenyewe. Alilirudia mezani jioni ile. Kifungua mimba alimtazama tu, akaendelea kula.

Siku ya fainali watu walijaa. Mechi ikawa ngumu, hakuna aliyefunga, na wakati ulikuwa unayoyoma. Ikapigwa kona. Mpira ukashuka katikati ya kundi la wasichana, ukamgonga kifungua mimba, ukatoka nje. Upande wa wapinzani wote ukapiga kelele, "Kanawa! Kashika kwa mkono!" Refa akageuka akawaona wale wazazi wamesimama, vidole vimenyooshwa, macho yote kwake. Akapuliza filimbi. Penalti.

Ikafungwa. Timu ya binti yake ikashindwa.

Wapinzani walimpigia Refa makofi, na mwoka mikate akamshika mkono. "Wewe ni refa wa kweli." Refa alirudi nyumbani kifua mbele. Kwenye ngazi binti yake alimngoja, bado amevaa viatu vya mpira.

"Uligonga begani, Baba."

"Mimi niliona mkono."

"Hukuona. Hata hukunitazama mimi, uliwatazama wao." Akaingia chumbani, akafunga mlango.

Kesho yake ilikuwa Jumapili, na mama mtu alikuwa mapumzikoni. Kitinda mimba akaja mbio na simu ya mama yake. "Baba, Mama alirekodi! Njoo uone ulivyoharibu!" Wakakaa watatu kwenye kochi. Mpira ulishuka, ukamgonga msichana juu ya bega kabisa, mikono yake yote miwili ikiwa nyuma ya mgongo, kama yeye mwenyewe baba yake alivyomfundisha.

"Rudisha," alisema Refa. Wakarudisha. "Rudisha tena."

Mkewe akaizima simu, akamtuma kitinda mimba akaoge. Kisha akasema, "Unajua pale kazini, wenzangu wakihesabu pamba kabla ya kumshona mgonjwa, mimi nahesabu tena peke yangu. Naogopa isije ikabaki moja, wakasema ni yule mgeni."

"Najua."

"Lakini sijawahi kuhesabu pamba ambayo haipo, mume wangu. Wewe jana ulihesabu kosa ambalo halipo, ili tu wasikuseme."

Refa aliinama. Hakujitetea, na hilo mkewe alilipenda kuliko kama angejieleza. Baada ya muda aliinuka akaenda kugonga mlango wa binti yake.

"Hodi."

"Nani?"

"Refa."

"Refa sina mazungumzo naye."

"Basi ni Baba."

"Baba aingie."

Alikaa ukingoni mwa kitanda. "Nilikosea, mwanangu. Macho yangu ni mazima, niliogopa tu. Niliona watasema mgeni kambeba mwanawe, nikakutoa wewe kafara."

Msichana alivuta shuka mpaka kidevuni. "Wenzangu wanasema nimewakosesha kombe. Utawaambia na wao?"

"Nitawaambia wote."

Kombe lilikuwa likabidhiwe Jumamosi iliyofuata. Wiki nzima kitinda mimba, aliyeishika lugha ya wenyeji kuliko wote nyumbani, akawa mwalimu. Refa anamenya viazi, yeye amekalia meza ananing'iniza miguu. "Siyo hivyo, Baba! Sema tena. Ulimi juu!" Refa akasema tena, na tena, mpaka viazi vikazidi vya watu wanne.

Siku ilipofika alisimama mbele ya timu zote mbili na wazazi wao. "Mpira ulimgonga begani. Mtoto hakunawa. Refa ndiye aliyekosea. Kombe ni lenu, mmecheza vizuri, lakini kosa si lake, ni langu." Neno la bega lilimtoka vibaya, likawa jina la mboga, na watu wakaangua kicheko. Refa naye akacheka, akajigusa bega ili waelewe. Waliponyamaza, nahodha wa washindi alivuka mstari akaenda kumpa mkono kifungua mimba. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja.

Mwoka mikate alikuja wa mwisho. "Juzi nilikuita refa wa kweli," alisema. "Niliharakisha. Ningengoja leo."

Refa aliomba jambo moja tu, asipewe tena mechi za binti yake. Wakakubali. Mechi nyingine zilimjia nyingi kuliko mwanzo, na msimu mpya chama cha mpira cha mji kikampa vijana wa kuwafundisha uamuzi, safari hii kwa malipo. Kaka yake aliposikia kwenye simu aliuliza kama kule hawahitaji na washika vibendera.

Kwa hiyo Jumamosi za binti yake Refa akawa mtazamaji, na kumbe hilo ndilo lililomshinda. Mechi ya kwanza tu, mwamuzi kijana hakuona mtu aliyeotea. Refa akaruka juu ya benchi. "We kijana, macho umeacha wapi? Kaotea huyo!" Alipiga kelele kwa Kiswahili chake chote, mishipa imemtoka shingoni, na mkewe akimvuta koti kwa nyuma.

Kule uwanjani kifungua mimba alisimama, akashika kiuno. "Baba! Kaa chini!"

Refa akakaa. Na wazazi wote waliokuwa karibu naye, bila kujua limesemwa neno gani, nao wakakaa.