Injini Ndogo Zilizokuja Zikichechemea

Siku ya kwanza nilipoingia katika karakana ya reli hapa Lubumbashi, nilivaa suruali iliyopigwa pasi na kubeba cheti changu cha shule ya ufundi ndani ya bahasha. Chef d'atelier, yaani msimamizi wa karakana nzima, hakukiomba. Alikuwa amesimama kando ya injini ya dizeli, na fundi mmoja alikuwa akimweleza kwamba breki inavuta upande mmoja.

"Weye uliona?" Chef akamkatiza.

"Hapana, Chef. Njo vile banasema."

"Banasema, banasema! Miye siko natengeneza maneno ya bantu hapa. Leta mashini, uifanye ikosee mbele ya macho yangu. Kisha tutaongea." Halafu akanigeukia. "Na weye, monsieur wa pantalon ya pasi, uko naangalia nini? Ufagio iko kule."

Nilifagia. Lakini sheria ile ilinikaa, nami nimeifuata maisha yangu yote ya kazi. Karakanani tuliiita kuonyesha: hakuna fundi aliyeruhusiwa kugusa kasoro kabla ya kuifanya itokee tena mbele ya shahidi. Vijana wa leo husikia kwamba mashine imeharibika, kisha huifungua papo hapo. Wakimaliza kuifungua, hawajui tena kama kasoro waliikuta au waliileta wao.

Baada ya miaka mingi ya breki na mabehewa, nilihamishiwa shule ya kufundisha wafanyakazi wa reli, nikawa chef wa section ya mifano ya treni. Msicheke. Katika ukumbi wa shule ile palikuwa na meza pana yenye reli ndogo, ishara, njia za kuchepukia na stesheni ya mbao. Juu yake zilitembea injini ndogo za umeme zenye urefu wa kiganja. Wanafunzi walijifunzia hapo manœuvre, yaani kupanga mabehewa kwa mwendo wa polepole sana. Mtu akigonga behewa la mfano, hapati jeraha wala hamjeruhi mwenzake. Akiligonga la kweli, kuna mtu anayesimama kati ya mabehewa ili kuyaunganisha.

Mwalimu wa meza hiyo alikuwa Papa Ngoy, mashinisti wa zamani, yaani mwendeshaji wa treni. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umemdhoofisha macho. Hakuweza tena kuona ishara ya mbali, lakini iliyokuwa karibu na mkono wake aliiona vizuri. Mke wake alikuwa ameshafariki, na binti yake alishinda sokoni kutwa. Kila asubuhi Papa Ngoy alifika akiwa na kofia yake ya kazi na kopo la mafuta lenye mdomo mrefu, kwa sababu mashinisti wa zama zake hakuondosha mashini ambayo hakuitia mafuta kwa mkono wake mwenyewe. Ile desturi aliileta mezani.

"Vié, muzee wetu, hii ni kintu ya batoto," wanafunzi walimtania. "Utaizamisha!"

"Ya batoto? Njoo uendeshe basi. Jana uliangusha behewa tatu, na huna hata aibu."

Mwaka mmoja shule iliagiza injini mpya kutoka ng'ambo. Nilizipokea mwenyewe Luano, kwenye uwanja wa ndege, nikakagua kila sanduku. Hakuna pembe iliyobonyea. Lakini zilipowekwa mezani, zilitembea kwa mishtuko. Katika mwendo wa kasi hukuona kitu. Zikipunguzwa mwendo, kila mzunguko wa gurudumu zilikwama kidogo, zikaruka, zikakwama tena, na mwisho zikasimama kabisa. Papa Ngoy alizitia mafuta. Zilipozidi kusimama, akazitia zaidi.

Maneno yakaanza. Wengine walisema masanduku yalitupwa Luano. Wengi walisema Muzee ameziua kwa mafuta. Mkurugenzi wa shule, mtu mwenye haki lakini asiye na subira, alikuja ukumbini akafunga mlango.

"Écoute, Chef," akaniambia, huku Papa Ngoy ameketi palepale. "Examen iko karibu. Kama banafunzi habawezi kufanya manœuvre pole pole, nitafunga hii salle. Na Papa Ngoy atarudi kwake. Miye pia sipendi. Lakini nitaweka mwalimu pa meza yenye haitembee?"

"Bwana Mkurugenzi, nani aliyeona kwamba ni mafuta?"

"Bantu bote banasema."

Papa Ngoy hakujitetea. Alilichukua kopo lake, akalifuta mdomo kwa kitambaa, akaliweka chini ya kiti chake. "Kama ni miye, basi ni miye," alisema. "Lakini ku nyumba nitafanya nini? Nitaangalia ukuta, na ukuta utaniangalia."

Nilimwomba Mkurugenzi abaki. Kulikuwa na sanduku moja ambalo utepe wake wa kiwandani ulikuwa bado haujakatwa. Nilimpa mkasi aukate yeye mwenyewe. Nilisafisha reli kwa spiriti, nikaiweka ile injini kavu kama ilivyotoka kiwandani, nikaiachia umeme kidogo. Ilitembea, ikakwama, ikaruka. Ikatembea, ikakwama, ikasimama.

Mkurugenzi aliinama hadi pua yake ikakaribia reli. "Na hii hakuna muntu aliigusa?"

"Wewe ndiye wa kwanza."

Akamtazama Papa Ngoy, kisha akanitazama mimi. "Basi ni nini?"

"Bado sijui. Nipe hadi kesho."

Niliwaeleza kesho yake, nanyi nawaeleza sasa. Injini hizo zilikuwa na ekseli tatu, na magurudumu ya kila upande yaliunganishwa kwa fimbo ya chuma iitwayo bieli, ili yazunguke pamoja. Pini inayoshika bieli kwenye gurudumu la kushoto haikai mkabala na ile ya kulia. Hutofautiana kwa robo ya mzunguko: moja ikiwa juu kabisa, nyingine iko mbele au nyuma. Hivyo upande mmoja ukifika mahali pasipo na nguvu, upande wa pili unasukuma. Tofauti hiyo lazima ilingane katika ekseli zote. Kwenye injini zetu, gurudumu moja la ekseli ya katikati lilikuwa limekandamizwa kwenye ekseli likiwa limegeuka kidogo tu kuzidi robo. Kwa sababu hiyo, mara moja katika kila mzunguko bieli za pande mbili zilivutana. Kwa mwendo wa kasi uzito wa injini uliivusha mahali pale. Kwa mwendo wa polepole hapakuwa na cha kuivusha. Huenda kiwandani walizijaribu kwa kasi peke yake. Sikuwapo, kwa hiyo silitoi kama jambo la hakika.

Nilitengeneza gabari, yaani kifaa cha kushikilia kitu katika kipimo chake: kipande cha shaba chenye nafasi mbili zilizopishana kwa robo kamili, na skrubu ya kukandamiza. Niliyachomoa magurudumu ya katikati, nikayapanga ndani ya gabari, nikayarudisha polepole. Kazi ile hairuhusu pupa. Gurudumu likichomolewa mara nyingi, tundu lake hulegea na halishiki tena.

Papa Ngoy aliketi kando yangu kila siku. Injini ya kwanza ilipokuwa tayari, alinyoosha mkono kuchukua kopo.

"Papa, hapana," nikamwambia.

"Ju ya nini? Ulisema haikuwa mafuta."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko gurudumu lolote. Nilimweleza kwamba mafuta yake hayakuwa chanzo. Lakini injini hizi hula umeme kupitia magurudumu, na mafuta yanapopaka gurudumu, umeme hauvuki kutoka kwenye reli. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti.

"Kwa hiyo nilikuwa naziziba kinywa."

"Kidogo, Papa."

"Na hukuniambia mbele ya Directeur."

"Hakuuliza hilo. Aliuliza kwa nini zinakwama."

Alicheka hadi akakohoa. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeomba, kama hakuna hata mahali pamoja panapotaka mafuta. Palikuwapo: gia ndogo ya mota, ndani ya tumbo la injini, hutaka tone moja tu kwa ncha ya sindano. Nikampa sindano. Aliisogeza karibu na macho yake, nami nikamshika kiwiko. Tone likaanguka mahali pake. Tuliiweka injini mezani, akaipunguza mwendo hadi ikawa inasogea kama mwanga wa jua sakafuni. Haikukwama. Aliifuata kwa uso wake hadi mwisho wa meza.

"Chef," akasema, "inatembea sawa vile muntu eko narudi kwabo."

Tangu siku ile, kila injini niliyoitengeneza ilipita kwake kwa tone lake. Wanafunzi walifanya mtihani wao, na ukumbi haukufungwa. Papa Ngoy alifundisha mezani hapo hadi miguu ilipokataa kumleta.

Mimi nami nimestaafu. Watu huniletea nyumbani injini za mfano walizonunulia watoto wao, wakisema imerogwa, imechoka, ni ya bei rahisi. Sisikilizi. Nawaambia: iendesheni, nione. Mara nyingi kasoro ilizaliwa nayo, na mtoto alikwisha kuchapwa kwa ajili yake. Nimemwita mzazi zaidi ya mmoja ndani, nikamwonyesha gurudumu, nikamtuma aende kumwomba mtoto radhi.

Wakati wa mvua zilizopita nilikwenda kumtazama Papa Ngoy nyumbani kwake katika mtaa wa Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Haoni tena wala hashuki kitandani. Nilichukua injini moja, behewa moja la abiria, reli za kutosha kufanya duara, na betri ya pikipiki kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Binti yake aliondoa sahani mezani, akaisogeza meza karibu na mto wa kitanda. Niliiachia injini. Mlio wake ulikuwa mdogo na sawasawa. Mzee alisikiliza, kichwa kimeinama upande, na nilifikiri amelala.

"Punguza," akasema ghafula. "Uko naingia mu gare."

Nikapunguza kama mtu anayeingia stesheni. Injini ikasogea, ikasogea, ikasimama.

"Bashushe bantu."

Tukangoja wote watatu, binti yake akiwa na sahani mikononi, hadi aliposema kwamba abiria wa mwisho ameshuka.