Kuku Wawili, Beseni Moja

Ungemuuliza Fortunata, mke wa Romani, ni kazi gani anayoiweza hasa, asingekutajia kilimo cha machungwa wala rozari, ingawa yote anayamudu. Angekwambia anajua kumlisha jirani. Na kweli anajua. Katika vilima vyao vya ndani ya Kilwa, ambako msikiti na kanisa la kigango vimetenganishwa na korongo moja tu, Fortunata ni Mkatoliki ambaye kwa miaka ishirini na mitatu kuku wa kumpa jirani Mwislamu hachinjwi nyumbani kwake. Humpeleka kwa Mzee Bakary wa msikitini akachinjwe kwa bismillahi. Hakufundishwa na padri. Alimkuta mama yake akifanya hivyo, naye akaona kuwa ndivyo Mkristo anavyompenda mwenzake: humtengei mtu chakula ambacho imani yake inakikataa.

Sasa sikiliza yaliyomkuta Jumamosi moja, yakamchanganya hadi akamwita Witness, bintiye wa kumzaa, kwa jina la marehemu shangazi yake.

Jirani yake Adija, Mama Hussen, alikuwa akikaa eda. Mumewe Suleiman alikuwa amefariki wiki sita nyuma, na mjane hatoki nje mpaka itimie miezi minne na siku kumi. Fortunata alijitwika kazi zote za nje: asubuhi ndoo mbili za maji kutoka bondeni, mchana kuni, jioni chakula. Lakini chakula kilikuwa hakiliki. Adija aligusa ugali kwa ncha ya kidole, akausogeza pembeni. Alikuwa amekonda mpaka kanga inamzunguka mara mbili na kubaki.

Aliyekaa naye ndani ni wifi yake Somoe, dada wa marehemu, aliyepanda kutoka Kinjumbi kuja kumliwaza. Somoe si mtu mbaya, ila mdomo wake hauna mlango. Siku ya kwanza alipoona bakuli la Fortunata aliuliza kwa sauti ya kusikika uani, "Hiki chakula cha nyumba ya Kikristo, tunajua kimepikwaje?"

"Cha Mama Witness nakula macho nimefumba," Adija akamjibu.

Fortunata alikuwa mlangoni, akalisikia. Hakuna zawadi aliyowahi kupewa iliyomfurahisha kuliko neno lile.

Basi Jumamosi hiyo Adija akaomba supu ya kuku. Akaomba mwenyewe, kwa kinywa chake! Fortunata alikamata jogoo mwekundu, akampeleka kwa Mzee Bakary, akachinjwa kama ada, akarudi naye mbio. Kumbe zamu ya sala ya jumuiya ilikuwa nyumbani kwake jioni ileile, na yeye alikuwa amesahau kabisa. Romani hakusahau. Alitaka kumsaidia mkewe (Mungu atuepushe na waume wanaosaidia bila kuuliza), akakamata jogoo wa kijivu na kumchinja mwenyewe nyuma ya jiko, maana wageni wa jumuiya ni Wakatoliki watupu. Akamlaza kando ya beseni, akaenda zake kupanga viti.

Fortunata alikuwa na maji ya moto ya beseni moja na wageni njiani. Akawatumbukiza wote wawili. Akanyonyoa, akakata vichwa na miguu, akakatakata nyama, mmoja sufuria hii, mwingine sufuria ile. Supu ikapelekwa kwa Adija ikifuka moshi. Adija akanywa bakuli zima, akaomba la pili, jasho likamtoka puani.

Wageni walipoondoka ndipo Fortunata akainama kuosha beseni. Akayaona manyoya mekundu na ya kijivu yamegandamana. Kuku akishanyonyolewa hana rangi. Nimempelekea yupi?

Alijaribu kukumbuka. Wa kwanza kumkata alikuwa mzito kidogo, au wa pili ndiye? Sufuria nyeusi ilikuwa kushoto, au aliihamisha? Kila alipodhani amepata, picha ilimponyoka. Akamweleza mumewe.

"Kuku yuko tumboni," Romani akasema. "Utamtoa? Nyamaza, mama. Ukisema, yule wifi yake atakufungia mlango, na mjane atarudi kulekule kwenye njaa. Huo ni upendo gani?"

Alisema kweli. Kesho yake baada ya ibada Fortunata akamwendea katekista Leonard, naye akasema upendo haufichi. Fortunata akashusha pumzi. Leonard akajikuna kidevu, akaongeza kwamba, hata hivyo, upendo haumuumizi mjane. Fortunata akangoja asikie lipi kati ya hayo mawili ndilo. Leonard akatazama saa yake, akasema tuombe. Wakaomba, na Fortunata akatoka pale amechanganyikiwa kuliko alivyoingia.

Njiani alikuwa akijibizana na moyo wake. Mara aseme, mara anyamaze. Ila kila alipoamua kunyamaza lilimrudia lile neno la Adija, kwamba anakula macho amefumba. Mtu akila chakula chako hivyo, wewe ndiye macho yake. Na wewe je, kama hukuona? Miguu ikampeleka kwa Adija kabla akili haijakubali.

"Hodi."

"Karibu, Mama Witness!" Adija alikuwa amekaa mkekani, uso una nuru kidogo. "Njoo nikwambie, nimelala jana. Nimelala!"

Fortunata nusura ageuke. Badala yake akakaa, akalisema lote, kuanzia jogoo mwekundu mpaka manyoya. Hakuapa kwamba alikuwa huyu wala yule, kwa sababu hakujua.

"Si nilisema?" Somoe akaruka. "Na hata angekuwa yule wa Mzee Bakary, maji ya beseni si yaleyale?"

Adija hakumtazama wifi yake. Alimtazama Fortunata. "Kwa nini umeniambia?" akauliza. "Nilikuwa nimekula nikashiba. Mimi nisiyejua sina dhambi. Mzigo ulikuwa wako, umekuja kuutua kichwani kwangu ili wewe uende mwepesi."

Fortunata hakwenda mwepesi. Alilia njia nzima. Alidhani atakataliwa kwa kosa la beseni, kumbe amekataliwa kwa kusema kweli. Sasa lipi lilikuwa dhambi?

Siku tatu alipeleka maji, akatua ndoo mlangoni, akabisha hodi, akasikia "Asante" ya Somoe, basi. Chakula hakuthubutu kupeleka. Alisugua masufuria yote kwa majivu mpaka mikono ikachubuka, halafu akayaangalia asijue kama sasa ni safi au la. Kupitia mlango alikuwa akiona sahani ya ugali ya Adija imewekwa pembeni, haijamegwa. Hiyo ndiyo iliyomkata maini.

Siku ya nne, alipokuwa akiinua ndoo tupu aondoke, sauti ya Adija ikatoka ndani, nyembamba.

"Mama Witness. Kwenu leo mnakula nini?"

Fortunata alibabaika. "Dagaa tu. Nimewaunga na nyanya."

Somoe akafungua mdomo.

"Dagaa hachinjwi," Adija akasema.

Somoe akaufunga.

Fortunata aliteremka kwake akikimbia, mwanamke wa miaka hamsini, kanga inaburuzika, akarudi na sahani iliyofunikwa. Adija akanawa, akamega tonge, akachovya, akala. Akamega lingine. Somoe alijifanya anatazama dari, kisha naye akanawa mikono na kusogea. Fortunata alibaki amesimama kizingitini, hajui aingie au aondoke.

"Umenisamehe, Mama Hussen?"

"Sijui," Adija akasema, tonge limejaa shavuni. Akameza. "Kesho njoo uniulize tena. Na usije mikono mitupu."