Mtandao wa Nani, Mama Pili?

Haya ameyasimulia Shakila mwenyewe, leo Jumamosi, mbele ya chumba alichopanga karibu na soko la Newala, akibangua korosho za kula na mwanawe Pili.

Saa mbili asubuhi Shakila anafungua chumba cha intaneti anakofanya kazi. Anafuta vumbi jekundu kwenye kompyuta, anawasha moja. Inakoroma, inasita, mwisho inakubali. Wateja hakuna. Mwezi uliopita, saa kama hizi, benchi lilikuwa limejaa.

Kazi yake ni kuwaongoza wasiojua. Mwalimu anataka matokeo ya mitihani, anamtafutia. Kijana anataka anwani ya barua pepe, anamfungulia. Amejifunza kwa kubonya na kukosea, mpaka akajua kurasa za kutafutia mambo, na za kamusi, na za magazeti.

Magazeti ya Dar yanafika huku yamechakaa, na mvua ikinyesha hayafiki. Yeye akawa anayapata kwenye kioo cha kompyuta siku ileile. Wakulima wakija mjini anawasomea bei ya korosho na habari za wagombea, bila kuwatoza.

"Walikuwa wananiita redio," anasema, anacheka kidogo. "Redio Mama Pili, leo umetuwekea nini?"

Siku moja mzee Filemoni wa kijiji cha Makote akamuuliza habari hizo anazitoa wapi.

"Kwenye mtandao, babu."

"Mtandao wa nani?"

"Wa dunia nzima."

Mzee akavaa kofia yake, akatoka.

Mwaka huu wa uchaguzi neno hilo lina maana yake. Mtandao ni kundi la mgombea, watu wanaopita na fulana na sukari wakiuliza nani wetu, nani si wetu. Mtandao wa kompyuta wachache wameusikia. Haikufika Ijumaa, kuanzia Makote hadi kijiji cha Mkunya ikajulikana kwamba Shakila ni mtu wa mtandao, tena ule mkubwa, umeshaenea dunia nzima.

Na Mkunya ndiko kwa mjomba wake, Isihaka, aliyemlea tangu mama yake alipofariki, na aliyekuwa amempa pa kulala yeye na Pili. Isihaka alisimama na mgombea mwingine, yule aliyeangushwa na mtandao kwenye kura za maoni za chama, na mpaka leo inamuuma. Jioni habari ilipomfikia, Shakila alimwamkia shikamoo. Hakuitikiwa.

Akamwomba aje aone kwa macho yake. Akaja, akakaa mbele ya kioo na kanzu yake ya Ijumaa. Shakila akamfungulia kurasa mojamoja, hili gazeti la serikali, hili la mtu binafsi, hapa vijana wanabishana siasa.

"Hao vijana ni akina nani?"

"Wanaficha majina, mjomba."

"Na wewe maneno yao ukawasomea watu."

"Niliwasomea."

"Basi hata wewe hujui ni mtandao wa nani."

Shakila anaacha kubangua. "Neno alilikosea," anasema. "Swali hakulikosea."

Isihaka alisema nyumba yake hailazi mtu asiyejua anamfanyia nani kazi. Mama na mtoto wakaondoka na godoro na sufuria. Mwenye kompyuta naye ameshasema, watu wakiendelea kumkwepa na benchi likiwa tupu, atazihamishia Masasi.

Kesho Shakila anakwenda Makote kwa mzee Filemoni, watu wakitoka kanisani. Anataka kuanza upya. Kabla ya kusoma habari atataja gazeti, mwenye gazeti na aliyeandika. Isiyo na mwenyewe hataisoma.

"Na mtandao sisemi tena. Nitasema kompyuta. Wakinifukuza, nitarudi Jumapili nyingine."

Giza linaingia, wanajilaza. Pili anauliza kama msimu ukifika watakwenda kuokota korosho kwa babu Isihaka, kule Mkunya. Mama yake anamwambia hajui, alale. Pili anageukia ukutani, analala.

Shakila anabaki akijaribu kwa sauti ya chini maneno ya kumwambia mzee Filemoni. Anaanza, anakosea, anaanza tena, mpaka sauti inakatika, naye amelala.